Kadi Iliyonyamaza

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni pale Mtwara mjini alikuwa binti wa watu wa bara, Mkristo, mdogo kwangu sana. Mimi nilikuwa mapokezi kwenye kliniki. Nikitoka naswali magharibi, naenda kwake kujifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Subira ya binti yule sijaiona kwingine.

Zoezi langu lilikuwa la kazini kwangu: kutoa taarifa za mgonjwa kwenye kompyuta na kuunda kadi ya kwenda nayo nyumbani. Kadi ilikuwa ya aina isiyobadilika, ikishaundwa huongezi wala hufuti. Nikaandika kwa mkato: kila sehemu ya taarifa yenye nafasi yake kwenye kadi, ihamie. Mwalimu akakataa. Akataka programu ianze kwa kuziacha zote nje ya kadi, halafu nitaje moja moja ninazozitaka. Nikanung'unika kwamba ni kazi mara mbili, akacheka.

"Mama, ushungi unaanza kwa kufunika au kwa kufunua?"

"Kufunika. Uso ndio unauacha wazi."

"Basi andika hivyo hivyo."

Nikataja jina na siku ya kurudi, basi. Kliniki wakaipenda, wakaanza kuitumia.

Baadaye muuguzi mkuu akataka iongezwe sehemu ya huduma aliyopewa mgonjwa, ionekane kwenye nakala inayobaki kwetu. Fundi akaiongeza kwenye taarifa na kwenye kadi. Programu yangu hakuna aliyeigusa.

Asubuhi moja akaja jirani yangu wa mtaani kwetu, Mtawanya. Alikuwa akichomwa sindano ya uzazi wa mpango kwa siri. Mumewe angejua, ndoa ingekuwa imekwisha. Siku hiyo mama mkwe kamfuata. Kadi ilipotoka kwenye mashine, bibi akaiwahi yeye. Ndipo nikakumbuka ile sehemu mpya. Nikaanza kusoma dua kimoyomoyo.

Bibi akasoma taratibu, akaigeuza nyuma.

"Mbona haisemi anaumwa nini?"

"Ndivyo zilivyo zote, bibi. Jina na siku ya kurudi."

Akaguna, akamrudishia mkwewe. Jirani akaifunga kwenye pindo la kanga. Alipopita mbele yangu akasema kwa sauti ya chini, "Mungu akusitiri, dada."

Nikaitika amina. Jioni nikawahi darasani, nikampelekea mwalimu dua yake, maana ilikuwa yake.