Wagonjwa wa Moyo Wanaopanda Kilima

Huku Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, mtu akirudi kutoka hospitali na habari kwamba moyo wake ni mgonjwa, nyumba nzima humtafutia kiti. Kiti kizuri, chenye mto, kivulini. Wajukuu humletea maji, mkwe humletea chakula, na akijaribu kunyanyuka hata kwenda chooni, sauti tatu humkemea kwa pamoja: kaa, utakufa! Wanampenda, sikatai. Lakini nimeosha maiti za watu waliopendwa hivyo, na miguu yao ilikuwa imekonda kama ya watoto.

Naitwa Amoding. Ni muuguzi, Mteso, mtu wa kabila la mbali na huku, mke wa askari wa jeshi, na kilichonileta huku ni uhamisho wa mume wangu. Sina subira na wajinga, na wajinga wenye vyeo ndio wananimaliza kabisa. Kwa hiyo nikisema kwamba Dokta Clare Biira ni mkaidi, ujue namsifu.

Alizaliwa Kyondo, kwenye mashamba ya kahawa ya mlima Rwenzori, mtoto wa pili wa kike, ndiyo maana kwa desturi ya kwao akaitwa Biira. Alisomea udaktari Kampala, akaenda ng'ambo kusomea magonjwa ya moyo, akarudi kufundisha chuo kikuu. Wanafunzi walimwogopa. Alikuwa akiwanyang'anya vipimo vyao shingoni na kuwaamuru wamtazame mgonjwa usoni kwanza, wamuulize anaishi wapi na anapanda nini kufika kwake. Lakini kulikuwa na jambo lililomnyima raha. Aliwatibu watu wa kwao, wakapata nafuu, wakarudi nyumbani kukalishwa mpaka wafe. Alitaka wafundishwe kuutumia moyo upya, pole pole, kwa kutembea. Wakubwa wake wakamwambia kwamba kazi hiyo inataka mashine zenye mkanda unaozunguka, na nyaya kifuani, na chumba chenye kiyoyozi.

"Rwenzori ni mashine," akawajibu. "Na umeme wake haukatiki."

Walicheka. Yeye akafungasha, akaja Bwera na utafiti wake, akaomba chumba katika hospitali ambayo jina lake nitalimeza. Walimpa chumba kilichokuwa stoo ya magodoro, akapewa mimi nimsaidie. Kila wiki tulipima wagonjwa presha na mapigo chumbani, kisha wakatoka naye kupanda barabara ya vumbi inayoelekea mlimani. Kanuni ilikuwa moja: tembea huku unaongea. Ukiweza kupiga soga, moyo wako unaimudu kazi. Maneno yakianza kukatika, simama, pumzika, mwambie mwenzako.

Basi wakaongea! Walisengenya wakwe, mapadri, wanasiasa na bei ya kahawa. Aliyewashinda wote ni Mama Kabugho, muuza samaki wakavu wa soko la Mpondwe, pale mpakani. Moyo wake ulikuwa umevimba, na mwanawe Ronnie, kijana mwenye kazi nzuri ya kupitisha mizigo mpakani, alikuwa amemnunulia kiti cha kulalia na kuuza meza yake ya sokoni. Kabugho alikuja kwetu siku ya kwanza ameshikwa huku na huku. Baada ya miezi michache alikuwa akifika peke yake, na domo lake likimtangulia.

Mwingine alikuwa Afande Mugume, sajenti mstaafu. Maisha yake yote alifundisha kwata, yaani gwaride, mpaka siku moyo ulipomwangusha uwanjani mbele ya kuruta wake. Alitembea vizuri kuliko wote, kifua mbele, mikono ikipanda na kushuka sawasawa. Dokta akimuuliza jambo njiani alijibu, "Ndiyo, afande," akanyamaza tena. Sisi tukaona ni upole wake.

Ikafika wiki ya mitihani, Dokta Clare akatakiwa Kampala kusahihisha. Nani aongoze kundi? Mimi nilipaswa kubaki chumbani na wagonjwa wapya. Dokta akamchagua Mugume. Akamwambia watembee wakiongea, asiyeweza kuongea apumzike. Mugume akapiga saluti.

Sasa sikia. Mtu aliyeishi kambini kama mimi angemweleza kwamba kwenye mstari wa jeshi kuongea ni utovu wa nidhamu, lakini amri hiyo walipeana wawili, sikuwepo. Mugume aliwapanga wagonjwa wawili wawili. Kabugho alipofungua kinywa kuanza habari za mkwe wake, akasikia nyuma ya sikio: "Wewe! Kwa laini hakuna kuongea! Tembea!" Wakatembea kimya. Barabara ikawa mwinuko mkali, pumzi ya Kabugho ikaisha, na mwanamke ambaye hajawahi kunyamaza kwa padri alimnyamazia afande. Akaanguka.

Hakufa. Alizimia, akachubuka paji la uso, na Mugume mwenyewe ndiye aliyembeba kumteremsha, mgonjwa akimbeba mgonjwa. Lakini Bwera ni ndogo. Kabla jua halijatua, soko zima lilikuwa likisema kwamba daktari wa Kampala anafanyia majaribio vikongwe.

Dokta alirudi kesho yake, uso umekauka kwa safari. Alimkuta Mugume mlangoni kwetu, amesimama wima.

"Dokta, mimi ndiye nakosa," akasema. "Peleka mimi kwa kamati. Mimi iko tayari kwa adhabu."

"Nilikwambia waongee, afande."

"Kwa laini hakuna kuongea, Dokta. Hiyo ndiyo mimi najua. Nilifikiri ile kuongea ni ya wakati wewe uko."

Dokta akamsogelea. "Huko jeshini, mkikimbia asubuhi, mnanyamaza?"

"Hapana! Tunaimba. Asiyeimba anapata viboko."

Dokta akaketi kwenye kizingiti, akajishika kichwa. "Mungu wangu," akasema. "Ningekuambia waimbe tu."

Kamati ya hospitali iliitwa wiki hiyo hiyo. Mwenyekiti wake, Mzee Tumukunde, alikuwa mwalimu mkuu zamani, na bado huongea na watu wazima kana kwamba wamechelewa kengele. Ronnie ndiye aliyeleta malalamiko. Na kumbe wakubwa wa chuo kikuu Kampala nao walikuwa wamempigia Dokta simu: cheo chake cha uprofesa kilikuwa mezani, na baraza halimpandishi mtu mwenye kesi. Akubali tu kusimamisha matembezi, arudi, mambo yatapoa. Aliniambia haya tukiwa njiani kwenda kikaoni. Nilimuuliza atafanya nini. Akasema akikubali, wote wanarudi kwenye viti.

"Dokta, sisi tunakuheshimu sana," Mzee Tumukunde alianza. "Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watu ya moyo wanataka kupumzika. Kubali kwamba hii mambo ya kupanda kilima imekwisha, na sisi hatutaandika kitu mbaya juu yako."

"Sikubali," akasema Dokta.

"Pole pole, Dokta. Fikiria kwanza."

"Nimefikiri kabla hujaniita. Kosa la siku ile ni langu. Nilitoa amri bila kumjua ninayempa, na nimeshalirekebisha. Liandikeni kosa hilo kwa jina langu, herufi kubwa. Lakini kupumzika mnakokusema nimekuona. Nimewasomea watu mapigo ya mwisho kwenye hivyo viti vyenu. Mimi siwarudishi huko."

Ronnie akaruka. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtoto aliyeogopa. "Nyinyi mnaongea tu! Ni mama yangu alikuwa na damu kwa uso!"

"Basi tumuulize mama yako," Dokta akasema. "Yuko pale nyuma."

"Mgonjwa haulizwi uji," Mzee Tumukunde akakata. Hapo damu ilinipanda. Methali ile maana yake mgonjwa apewe uji bila kungoja kuomba. Yeye aliigeuza kufuli la mdomo wa mtu. Nilisimama nimwambie hivyo, na bahati yake ni kwamba Kabugho alinitangulia.

Alisimama na bandeji yake kwenye paji, akasema kwa Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. "Ronnie, mutoto yangu, nyamaza kwanza. Ni miye nilianguka, haiko weye." Akamgeukia mwenyekiti. "Muzee, banasema nilianguka juu ya kutembea. Ni kweli. Lakini mbele ya hapo, mu kile kiti, nilikuwa sawa mutu ya kufa. Bajukuu banapita banasema, pole pole, bibi analala. Silale! Niko naangalia tu vile soko inaenda bila miye. Sasa kama munafunga, mutafute na sanduku. Muniingize leo, nisibasumbue tena."

Ronnie alimtazama mama yake kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba yake na jirani.

Ungedhani kamati ilibadili mawazo. Wapi! Watu wa vikao hawaaibiki upesi hivyo. Mzee Tumukunde alisafisha miwani, akatangaza kwamba chumba kinafungwa na hakuna mgonjwa atakayetembezwa ndani ya ua wa hospitali. Na cheo cha Kampala kilipita mwaka ule kikaenda kwa mwingine, mtu mpole asiye na kesi. Dokta alilia siku moja kwa ajili ya cheo hicho, nilimwona, kisha akapangusa uso akaniuliza mashine yangu ya presha iko wapi.

Kamati ilifunga chumba. Barabara haikuwa yake. Wiki iliyofuata kikao nilipima watu mapigo chini ya ukuta wa duka la saruji, mwenye duka akatuazima benchi. Mugume akasimama mbele, akavuta pumzi, akapaza sauti: "Nani amechoka?" Wakamwitikia, wakulima, wauzaji, mke mmoja wa polisi: "Si mimi!" Kila aliyeshindwa kuitikia aliketi kando, akaimbiwa mpaka pumzi yake irudi, ndipo akaendelea.

Tulikuwa tumefika nusu ya kilima Ronnie alipotufikia na pikipiki yake. Akamwambia mama yake apande, amrudishe nyumbani. Kabugho hakusimama hata.

"Wacha hiyo kitu hapo," akamwambia. "Tembea."

Kijana aliiegesha pikipiki kando ya shamba la mtu. Akaja mpaka alipokuwa Dokta Clare, akatembea naye kidogo, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, mama asisikie: "Dokta, akianguka tena?"

"Anaweza kuanguka tena," akasema Dokta. "Sikudanganyi. Lakini ataanguka akiwa anakwenda mahali."

Ronnie akamfikia mama yake, akampokea mkoba, na Mugume alipouliza tena nani amechoka, naye akaitikia.