Boya Lililotoboka

Mke wangu alishikwa na uchungu alfajiri, nyumbani kwetu Kimara. Ilipofika saa tatu asubuhi mkunga alitoka ndani akaniambia, "Baba, hili limenishinda. Mpeleke hospitali."

Mie nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja wa nazi, na lori lake, kuukuu la kabla ya vita vya pili vya dunia, lilikuwa limelala uani kwangu. Nikamshukuru Mungu. Tulimlaza mke wangu nyuma juu ya godoro la sufi, mama yake akampakata kichwa, tukaondoka.

Karibu na Ubungo injini ikaanza kukohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikazungusha hendeli ya kuwashia mpaka bega likaniuma. Nikadhani petroli haifiki, nikavuta choki, kile kitufe cha kuifanya injini ivute petroli zaidi, nikazungusha tena. Hapo ndipo nilipokosea. Nilipofunua boneti, harufu ya petroli ilinipiga usoni. Kabureta, chombo kinachoipimia injini petroli, lilikuwa likichuruzika. Injini ilikuwa imefurika petroli, nami nimeizidishia.

Nikafungua plagi zote nne. Zilikuwa chepechepe. Nikazifuta kwa shati langu, nikazianika juani, nikazirudisha. Injini ikanguruma kidogo, ikazima. Nilipozitoa tena zilikuwa zimelowa vilevile.

"Umeshajua ina nini?" mama mkwe aliuliza kutoka juu.

"Bado natafuta, mama."

"Tafuta upesi. Mwenzio anaishiwa nguvu."

Nikafungua kabureta. Ndani mna boya dogo la shaba, linaloelea na kuziba njia petroli ikishatosha. Nikalitikisa sikioni, nikasikia petroli ikichezacheza ndani yake. Limetoboka, limezama, na njia haizibiki. Ugonjwa nimeujua, lakini dawa yake ni kulichomelea, na fundi yuko mjini. Nikajaribu kuziba tundu kwa kipande cha sabuni. Sabuni ikabanduka.

Mke wangu aliniita mara moja tu. Nikajibu, "Nakuja," nisiende.

Vibarua wa barabara waliokuwa jirani wakaja. Hawakuuliza kitu. Walifunga turubai la lori kwenye miti miwili kama machela, wakamlaza mke wangu humo, wakamchukua mbio kuelekea hospitali ya Magomeni. Mie nimebaki nimeduwaa, boya mkononi. Mama mkwe akanishika kiwiko. "Twende, baba. Liache hilo."

Alikuwa mtoto wa kiume. Hakulia. Mke wangu alipona. Nesi mmoja wa makamo aliniambia huenda hata tungewahi mambo yangekuwa yale yale. Huenda.

Siku ya tatu mke wangu akaniuliza lori lilikuwa na nini. Nikamweleza yote, hata ile choki niliyoivuta. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ukutani. Baadaye tulijaliwa watoto wengine wanne, lakini habari ya asubuhi ile hajaniuliza tena, nami sijathubutu kuianza.