Seremala Aliyeogopa Maji

Tobias Odera, seremala wa milango na madirisha katika karakana moja kando ya Ngong Road, aliogopa maji kuliko kitu kingine chochote duniani. Alikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, mwenye mikono iliyoweza kuinua ubao mzito wa mvule bila msaada. Lakini mvua kubwa ilipoacha dimbwi mbele ya nyumba yake, alilizunguka kwa mbali. Majirani walidhani anatunza viatu.

Hofu hiyo ilikuwa na chanzo. Tobias alizaliwa Mfangano, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na alipokuwa kijana alivuka kwenda bara katika mtumbwi wa kienyeji ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba, kama nguo. Katikati ya safari upepo ulibadilika, kamba zikalegea, na mshono mmoja ukafunguka mbele ya macho yake. Maji hayakuingia kwa kishindo. Yaliingia taratibu, na watu wawili waliokuwa wakizungumza karibu naye wakawa hawapo. Yeye aliokolewa na wavuvi. Tangu siku ile, kila alipofumba macho, aliuona ule ufa ukipanuka.

Akaja Nairobi, akajifunza kazi, akamwoa Peres, binti wa kisiwa jirani cha Rusinga, na kisiwani hakurudi. Si kwamba hakujaribu. Mara mbili alipanda gari moshi hadi Kisumu, akajifungia ndani ya meli kubwa mpaka Homa Bay, na mara zote mbili alisimama ufuoni akaitazama mitumbwi iliyongoja abiria wa visiwani, kisha akarudi alikotoka. Wakati huo mama yake, Lornah, alikuwa akizeeka. Mwaka 1957 mtu wa kwao alimletea ujumbe kwamba macho ya mama yanaingia giza.

"Amesema uende akuone angali anaona," yule mjumbe alimweleza. "Hakusema utume kitu. Amesema uende."

Kwa siku nyingi baada ya hapo Tobias alifanya kazi kama mtu aliyesahau kitu mezani. Kisha mama mmoja wa Kizungu wa Kilimani, mjane aliyekuwa akirejea kwao, alimwita amtengenezee makasha ya kusafirishia vyombo. Nyuma ya gereji, chini ya turubai, Tobias aliikuta mashua. Ilikuwa ndogo, ya tanga moja, na marehemu mume wa yule mama aliitumia katika bwawa la Nairobi. Sasa ilikuwa imekauka kabisa. Rangi ilibanduka, na kati ya ubao na ubao mtu aliweza kupitisha kisu. Tobias aliitazama kama mtu anavyomtazama mbwa bila kujua kama amefungwa vizuri.

Ndipo wazo lilipomjia. Mitumbwi ya Homa Bay ilitengenezwa na watu asiowajua, kwa njia asizoziamini. Lakini chombo alichokifungua mwenyewe, akakijua kila kiungo, akakifunga kwa mkono wake, huenda angethubutu kukiingia. Akaomba apewe mashua badala ya ujira wa makasha. Yule mama alishangaa, akakubali, akamwongezea na tanga lililotafunwa na panya.

Lori liliipeleka Dagoretti Corner, katika ua wa Haron Kiragu, muuza mbao na rafiki yake wa siku nyingi.

"Fundi, umeniletea nini?" Kiragu aliuliza akiizunguka. "Na ziwa lenyewe linafika kesho?"

"Nipe pembe moja tu ya ua, Bwana Kiragu."

"Pembe ninakupa. Lakini nikiulizwa na askari nitasema ni kitanda chako. Mkikuyu kukutwa na mashua wakati huu wa Hali ya Hatari, wataniuliza nilikuwa ninatorokea nchi gani."

"Kutoka hapa utatorokea wapi? Hata mto wa maana hakuna."

"Hilo halitawazuia kuuliza."

Nao waliuliza. Askari wa doria waliingia uani asubuhi moja, wakawasimamisha wote wawili ukutani mikono juu, wakaanza kuichoma mashua kwa vyuma virefu, wakitafuta kilichofichwa chini ya sakafu yake. Hawakupata kitu. Walipoondoka, Kiragu aliketi chini papo hapo. Tobias naye alikuwa amekwisha piga magoti kando ya mashua, kidole chake kikiwa ndani ya tundu lililoachwa na chuma.

"Wangetupeleka kizuizini," Kiragu alisema, "nawe unapima tundu."

"Hapa maji yangepita," Tobias alijibu.

Aliikarabati jioni na Jumamosi, kwa utaratibu aliouzoea. Alikwangua rangi ya zamani, akabadilisha mbao mbili zilizooza, akaunga mlingoti. Peres alilitia tanga viraka vya merikani, akalishonea nyumbani. Lakini kazi iliyomla Tobias muda mwingi ilikuwa zile nyufa. Mafundi wa vyombo huzijaza pamba iliyosokotwa, laini, inayobonyea. Tobias hakutaka kusikia habari ya pamba, ilimkumbusha kamba. Alipasua vijiti vyembamba vya mvule, akavipaka gundi, akavigonga kwa nyundo ndani ya kila ufa mpaka vikagoma kuendelea, kisha akavilainisha kwa randa. Alipomaliza, ubavu wa mashua ulikuwa mgumu na laini kama meza ya kuandikia. Aliupapasa kwa kiganja kutoka mwanzo hadi mwisho, akitafuta mahali pa kuogopa, akapakosa.

Peres alikuwa akimletea chakula pale uani. Alikiweka langoni, akageuka. Hakuwahi kuikaribia mashua hata hatua moja, na Tobias hakumwita, maana wote wawili walijua sababu. Kwao, chombo kikiwa juu ya magogo kinatengenezwa, mwanamke hakikaribii wala hakitolei neno. Akifanya hivyo na siku moja kikavuja, lawama humrudia yeye, na kama kuna aliyezama, humrudia maisha yake yote. Peres aliujua mwiko huo vizuri kuliko mumewe, kwa sababu baba yake alikuwa mtengenezaji wa mitumbwi. Akiwa pale langoni alisikia nyundo ikigonga vile vijiti vya mvule, na kila pigo lilimshtua. Akashika njia ya nyumbani na sufuria yake.

Mashua ilipokuwa tayari, walikwenda kuijaribu katika bwawa la Nairobi, upande wa Kibera, mbali na mahali Wazungu walipofungia vyombo vyao. Tobias aliingia akiwa amefungwa kamba kiunoni, Kiragu ameshika ncha ya pili ufuoni. Alikaa humo akihesabu pumzi zake. Kisha akainama, akapapasa sakafu. Palikuwa pakavu.

"Hata tone," Kiragu alisema. "Fundi, umetengeneza kabati linaloelea. Ungeweka na sahani."

Tobias alicheka, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa juu ya maji. Wakaifunga kati ya matete ili ikae majini siku kadhaa, huku akitafuta nafasi ya kuisafirisha kwa gari moshi.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, walirudi ili ajaribu tanga. Peres alikwenda nao, akasimama juu kwenye nyasi, mbali na maji.

"Jana nilipita kuitazama," Kiragu alisema wakati Tobias akikunja suruali. "Ilikuwa inalia. Kwii, kwii, kama kiti anapokikalia mtu mnene."

"Ni kamba hiyo inayosugua mti," Tobias alisema.

Peres alisikia, akaelewa. Mbao zilizokauka miaka mingi zilikuwa zimekunywa maji. Mbao zikinywa hunenepa, nazo zikinenepa hutafuta mahali pa kwenda. Mumewe alikuwa amepaziba mahali pote.

"Baba Akelo," alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "usiingie humo."

Tobias aligeuka. Uso wake ulikuwa tayari umekauka kwa hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyomfanya awe mkali. "Mama, hebu. Unajua hilo halisemwi. Unataka kunitia mkosi?"

Peres akabaki pale kwenye nyasi. Alimwona mumewe akipanda, akisukuma kwa kasia, tanga likijaa upepo mdogo. Mashua ilikwenda vizuri mpaka mbali na matete, na Kiragu akaanza kupiga makofi.

Ndipo kitu kikalia kikavu, kama ukuni unaovunjwa gotini. Taruma moja lilikuwa limekatika, mmoja wa ile miti inayoshikilia mbavu za chombo. Lilifuata la pili. Ubao mmoja ukachomoka kwenye misumari yake, na Tobias, macho yake yakiwa wazi, akauona ufa ukipanuka.

Akasimama, na kusimama kule kukaiyumbisha mashua upande mmoja, maji yakapita juu ya ukingo pia.

Peres alikuwa majini hadi magotini, na gauni lake la kanisani. "Keti," alimwambia kwa sauti kubwa lakini ya polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa. "Baba Akelo, keti chini. Ni mti. Mti hauzami. Keti, shika ukingo, usiuache."

Tobias akaketi. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, nayo yalikuwa baridi kuliko alivyokumbuka. Alingoja yamfike kinywani. Alimwona mama yake amekaa mlangoni kwake akitazama upande wa bandari ndogo ya kisiwani, akingoja mtu ambaye hataonekana. Mashua ilishuka mpaka kingo zake zikawa sawa na uso wa bwawa, ikasimama hapo. Haikuendelea kushuka. Tobias hakuamini. Alikuwa amekaa ndani ya maji, juu ya maji, mikono imeganda ukingoni.

Kiragu alimrushia kamba mara kadhaa. Ilianguka karibu naye, lakini Tobias hakuweza kufungua kiganja hata kimoja aishike. Mwishowe Peres aliuma ncha ya kamba kwa meno, akaogelea, gauni likimfuata nyuma kama mkia. Alipofika aliishika mashua kwa mara ya kwanza, akaifunga kamba omoni, mbele ya chombo, akasema, "Vuta, Bwana Kiragu." Naye akaogelea kando ya mumewe mpaka miguu yao ikagusa matope.

Walikaa kwenye nyasi. Kiragu alimfunika Tobias kwa koti lake.

"Ulijua," Tobias alimwambia mkewe.

"Nilijua tangu ulipogonga kijiti cha kwanza."

"Na ukaniacha."

"Ningesema nini? Ningesema, na ingevuja hata kidogo, ungesema ni mdomo wangu. Leo nimesema, hukusema hivyo?"

Kiragu alikohoa. "Mimi kwetu hakuna mashua wala mwiko wake," alisema. "Ila nimeona leo mwanamke akimtoa mwanamume majini kwa meno. Kama kuna mkosi, umechelewa."

Mashua ilirudi uani kwa Kiragu. Safari hii Peres hakuacha chakula langoni. Aliingia, akageuza ndoo, akaikalia, na kwa sauti ya chini, huku bado akitazama huku na huku kama anayeogopa kusikiwa na wa kwao, akamweleza mumewe alivyoona kwa baba yake. Vijiti vyote vya mvule vikang'olewa. Mataruma mapya yakatiwa. Nyufa zikajazwa pamba na mafuta ya mnyama, kwa mkono mwepesi, nafasi ikiachwa.

"Sasa ijaze maji," Peres alisema.

"Ndani?"

"Ndani. Inywe mpaka itosheke. Ikishiba itajifunga yenyewe."

Hilo ndilo lililomshinda Tobias kuliko yote. Alibeba ndoo kutoka kwenye pipa, akazimimina ndani ya chombo chake, na kila ndoo ilitoka kwa chini kupitia nyufa zote, kama kutoka kwenye kikapu. Aliteka tena. Usiku hakulala. Kwa siku nyingi alimimina, akaona matone yakipungua, na hakuamini hata yalipokoma, kwa sababu alikuwa amewahi kuamini kabla.

Alikwenda hivyo hivyo, bila kuamini. Mashua ilisafirishwa hadi Kisumu, kisha Homa Bay, imefunikwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke tena. Peres alikaa mbele, Tobias akashika usukani, na mvuvi mmoja wa Mfangano akakubali kulishughulikia tanga. Walipokuwa katikati, mahali ambapo pande zote ni maji, Tobias aliona unyevu ukikusanyika miguuni mwake.

"Peres. Inavuja."

Peres aliingiza kidole, akatazama. "Hilo ni jasho lake. Zote hutoa jasho."

"Kiasi gani ni jasho?"

"Nitakuambia likizidi," alisema, akachukua kopo, akayachota maji, akayamwaga nje.

Hofu haikumwacha. Alimuuliza swali lile tena na tena, naye hakuchoka kumjibu, mpaka Mfangano ikawa na miti, kisha nyumba. Mashua ilipogusa mchanga, Tobias hakuweza kushuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kujikaza. Ikabidi Lornah aletwe. Mjukuu alimwongoza kwa mkono hadi maji yakamfika vifundoni, naye akaunyosha uso wake mbele, akiukunja, akitafuta, mpaka ukawa karibu kabisa na uso wa mwanawe.

"Umenenepa," alisema.

Tobias alikaa naye mpaka likizo ilipokwisha. Halafu akarudi Nairobi kazini kwake kwa njia ile ile, kwa kuwa hapakuwa na nyingine, na Peres hueleza kwamba wakati wa kurudi alimuuliza swali la jasho mara nyingi kama wakati wa kwenda. Mwaka uliofuata walikwenda tena.