Wembe wa Shemeji

Mume wangu ni seremala, na mtaani wanamwita Msasa, kwa sababu akishika mbao hajui kuiachia. Meza ya watu imeshapigwa randa, imekubali, yeye anairudia kuipapasa kwa kiganja utadhani anaitafutia dhambi. Nimeishi naye miaka thelathini na moja nikimsema. Kusema ndiyo kazi niliyojipa katika ndoa hii, na siku moja niliifanya vibaya.

Kaka yake, shemeji yangu, alikuwa kinyozi. Ndiye aliyemlea mume wangu, ndiye aliyemnyoa ndevu zake za kwanza. Uzee ulipomfika ulianzia kichwani: leo anamjua mkewe, kesho anamuuliza amekuja na nani. Huyo mkewe ndiye aliyetuletea wembe wake, ule wa zamani wa kukunja, ameufunga ndani ya soksi. Mpini ulikuwa umepasuka na chuma kimeota kutu. Akatueleza kwamba mzee hataki kunyolewa na mtu yeyote, wanawe amewafukuza, anamtaka mdogo wake tu, na kwa wembe huohuo.

"Fanya haraka, shemeji," akamwambia mume wangu. "Njoo angali anakujua."

Basi Msasa, haki ya Mungu, alifanya haraka. Sijapata kumwona vile. Kutu aliitoa kwa msasa laini na mafuta, taratibu, asije akakila chuma chenyewe. Akaunoa juu ya jiwe, akaupitisha kwenye mkanda wa ngozi mpaka ukawa unakata unywele unaoning'inia. Mpini aliuchonga kutoka mkono wa kiti walichokuwa wakikalia wateja wa kaka yake. Kiti kilivunjika siku nyingi, kumbe vipande vyake alikuwa amevificha juu ya kabati. Siku ya nne akanijia jikoni na wembe mkononi, amevaa shati safi, akasema twende.

Nikauchukua nikaukagua, na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Niliufungua, nikaufunga, nikaona ubavu mmoja wa mpini ni mnene kuliko mwenzake, kiasi cha ukucha hivi. Nikacheka.

"Kinyozi mzima umpelekee kitu kimepinda?" nikamwambia. "Atakucheka."

Ulikuwa utani tu, wetu wa kila siku, ambao yeye huujibu kwa kuguna. Siku hiyo hakuguna. Aliutazama ule ubavu, akavua shati, akarudi karakanani.

Akang'oa pini iliyoshika mpini. Akachonga vipande vingine viwili, akavipaka mafuta, akangoja vikauke, akapaka tena. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Mimi nilikuwa naona na nikanyamaza, maana kumwambia ule wa kwanza ulitosha ni kukiri kwamba nilibwabwaja, na kiburi kilinikaba. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekua, tunaishi naye nyumba moja.

Siku ya kumi na saba tukaenda. Wembe ulikuwa mzuri, siwezi kuuonea: mpini umenyooka, na ukiukunja unalala kimya. Shemeji alikuwa ameketi karibu na dirisha, ndevu zimemjaa hadi shingoni. Mume wangu akapiga magoti mbele yake, akamwamkia, akachovya brashi kwenye povu la sabuni.

Shemeji akamzuia mkono, kwa adabu kabisa.

"Niwie radhi, bwana," akasema. "Mdogo wangu anakuja kuninyoa. Akikuta nimenyolewa na mtu mwingine atajisikia vibaya."

"Ni mimi, kaka."

Shemeji akamtazama sana, kisha akatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mgeni. Akautazama na wembe. "Naona kazi unaijua," akasema. "Wembe wako ni mzuri. Lakini nitamngoja. Yule huchelewa, ila hakosi kuja."

Nikabaki mlangoni nimeshika taulo.

Mume wangu akajibu kwamba ni kweli, atakuja tu. Akalifuta povu kwenye brashi, akaukunja wembe, akavuta kigoda akaketi pembeni ya kaka yake. Wakakaa wakimngoja, wote wawili.