Uongo Wangu wa Shamba la Wimbi

Juma lililopita mjukuu wangu alinisomea kitabu chake cha dini. Kila ukurasa una neno moja, ukweli, subira, msamaha, na kila neno lina picha yake ya rangi. Alipomaliza akaniuliza, "Nyanya, wewe ulifundishwa haya kwa kitabu gani?" Nilicheka. Nilimjibu kwa ufupi, lakini wewe, rafiki yangu, nitakueleza vizuri.

Kijijini kwetu Sironga, miaka ile baada ya vita vya pili vya dunia, hatukuwa na kitabu cha watoto. Mama alikuwa amebatizwa misheni akiwa msichana, na majirani walimwita Msomaji, kama walivyowaita wote waliofuata dini. Baba alikuwa Kericho kwenye mashamba ya chai, akija mara mojamoja. Kwa hiyo dini yetu sisi watoto watatu ilikuwa mikononi mwa mama, na aliifundishia jikoni. Viazi vitamu vikifukiwa kwenye majivu, asiyeweza kungoja akavichokoa, alikula mwisho. Ndizi ikigawanywa, aliyekata alichagua mwisho, na ajabu ni kwamba vipande vilitoka sawasawa. Kila jioni, mama akisonga ugali wa wimbi, kila mmoja wetu alitaja kosa lake la siku ile ndipo tuombe. Hatukupigwa kwa kosa tulilolitaja wenyewe.

Nilikuwa na miaka kama minane nilipoficha moja.

Wimbi lilikuwa limeanza kukomaa, nami nililinda shamba lisiliwe na ndege, kazi ya kupiga debe na kupayuka mpaka sauti ikauke. Siku hiyo niliona chinkenene, yale matunda meusi ya porini, yameiva kando ya mto. Nikaliacha debe, nikateremka. Niliporudi nilikuta ng'ombe wawili wa jirani katikati ya shamba, na wimbi la upande mzima limelala chini kama mkeka.

Jirani yetu alikuwa mjane, mkavu wa maneno, asiyekuwa wa dini. Alikuja mbio akawatoa ng'ombe wake. Mama naye akafika, na watu wakakusanyika.

"Ua wangu umebomoka, hilo ni kosa langu," jirani akasema. "Lakini huyu mtoto hakuwapo. Angekuwapo angepiga kelele."

Mama akanigeukia. "Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo," nikasema. "Niliwafukuza, wakanishinda."

Mama akamkabili jirani. "Umesikia? Mtoto wangu hasemi uongo. Nimemfundisha mimi mwenyewe."

Tangu siku ile hawakusalimiana. Moto wetu ulipozimika tulipanda mlima kuomba kaa la moto kwa watu wa mbali, na moshi wa jirani tunauona pale pale. Mavuno yalipofika tulivuna bila mikono yake, na mdogo wangu, aliyezoea kulelewa kwake, alilia mgongoni mwangu kutwa. Jioni zamu yangu ilipofika nilitaja makosa madogo: nimemwaga maziwa, nimemfinya ndugu yangu. La shamba sikulitaja.

Mama naye alikuwa na zamu yake, ya mwisho. Jioni moja alisema, bila kuacha kusonga, "Kosa langu ni lile lile. Nimeshindwa kumsamehe jirani kwa kumsingizia mwanangu."

Nililia, nikasema yote. Mwiko ukasimama chunguni. Nilingoja fimbo, lakini mama aliepua chungu, akafuta mikono, akasema tu, "Simama twende."

Nilidhani angenisukuma mbele. Alitangulia yeye.

"Nilisema mbele ya watu jambo nisilolijua," akamwambia jirani. "Nililinda jina langu, sikulinda ukweli. Nisamehe."

Kisha nami nikasema langu, nusu ya maneno nikiyameza na machozi.

Jirani alitutazama. "Msomaji, ulimi wake niliuona siku ile ile, mweusi kwa chinkenene. Ningemwambia afunue kinywa mngeaibika nyote wawili. Nikaacha." Akavuta kigoda. "Kaeni basi. Ugali wenu umepoa, wangu uko tayari."

Tulikula kwake, ugali na mboga ya chinsaga iliyotiwa maziwa. Njiani mama alisema, "Ametufichia aibu muda wote huu, nasi tunapita bila kumsalimu." Kesho yake, chemchemini, aliwaambia wanawake wote kwamba aliyekosea ni yeye.

Jirani hakubatizwa hata alipozeeka. Lakini kukizuka ubishi, kuku huyu wa nani, nani alivunja mtungi, alikuwa akisema, "Mwiteni binti wa Msomaji, yeye atasema." Nami nilisema, hata ilipokuwa dhidi yake, hata ilipokuwa dhidi ya mama.

Wote wawili wamekwisha kufa. Siku hizi upande ule ni chai na mikaratusi, na waliopo hawajui kwamba palikuwa na njia kati ya nyumba zetu mbili. Mimi ni mzee wa kanisa sasa, na watu wananiamini, kwa kuwa hawajanikuta nikidanganya. Wale wanawake wawili walinikuta, na baada ya hapo wakaniamini. Hao ndio ninaowakumbuka.