Goreti Hakuitika

Siku yangu ya kwanza katika kituo kile cha Mchafukoge, ghorofani juu ya duka la vitenge, Mratibu wa Mafunzo alinikabidhi daftari la mahudhurio kabla hata sijakaa. "Mwalimu," aliniambia, "hapa kazi ni daftari. Kufundisha ni baadaye." Nilicheka. Nilikuwa nimetoka kufundisha shule ya msingi Ilala miaka mingi, na mambo ya daftari hakuna wa kunifunza.

Wanafunzi wangu walikuwa wakimbizi, watu wazima, wengi kutoka Burundi, waliotolewa kambini waje kuanza maisha mjini. Tuliwafundisha Kiswahili: mazungumzo, ufahamu na imla, yaani mwalimu anasoma na mwanafunzi anaandika anachosikia. Aliyefaulu alipata kibali cha kubaki Dar na nafasi kwenye karakana ya ushonaji. Aliyeshindwa alirudishwa kambini. Kila asubuhi niliita majina kwa sauti ya kushinda kelele za wauza mitumba huko chini, na aliyeitwa alisimama wima akasema, "Nipo!" Nilijivunia sana utaratibu huo. Mjinga mimi.

Goreti alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini. Nje ya darasa alikuwa na maneno. Siku moja nilimkuta pale dukani chini akibishana na muuzaji. "Kaka, kitenge hiki kinachuja, usinione mgeni!" Muuzaji akacheka, akamtolea kingine. Lakini nikifungua daftari tu, anakauka. Hasimami, haitiki, jasho linamtoka, na karatasi ya imla anairudisha tupu. Maneno aliyoyajua jana yake yote yamemtoka. Nikasema huyu ananichezea. Nikazidi kumwita, mara mbili, mara tatu, wenzake wakimkodolea macho.

Mtihani wa mwisho nao ulianza kwa kuita majina. Hakuitika. Kwenye taarifa yake niliandika: "Hana nia ya kujifunza."

Wiki hiyohiyo Mzee Salvatori, seremala aliyekuwa akikaa dawati moja naye, alinifuata kwenye ngazi.

"Mwalimu, yule dada si mkaidi. Kule kwetu watu waliingia shuleni kwao na karatasi ya majina. Aliyeitika walimtoa nje. Kaka zake wawili waliitika. Yeye alinyamaza, na hakuna aliyemwonyesha kwa kidole. Ndiyo maana yuko hai."

"Sasa mzee wangu, mbona hukuniambia mapema?"

"Hukuuliza, Mwalimu. Ulikuwa unaita tu."

Nilikwenda mbio kwa Mratibu. Nikamweleza kwamba mtu aliyejaa hofu hashiki neno hata umrudie mara mia, nikaomba Goreti apimwe upya, kwa mazungumzo ya kawaida, bila daftari. Alinisogezea taarifa.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi, Mwalimu. Faili limeshapanda juu."

Sasa nimestaafu. Kwenye sherehe ya kuniaga walinisifu kwamba daftari langu halikuwahi kuwa na kasoro, na mimi nikapiga makofi pamoja nao. Walimu vijana hunijia nyumbani kuuliza mbinu. Nawaambia wakae kwanza na mwanafunzi, wamjue, daftari litasubiri. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanarudi kazini kufanya kama nilivyofanya. Huwa nakasirika, halafu nakumbuka sina haki ya kumkasirikia mtu.

Kwa sababu siwaelezi yote. Siwaelezi asubuhi ile gari la kambini lilipokuja. Afisa wa safari alisimama mlangoni na karatasi, akaita majina. Alipofika kwa Goreti, kimya. Goreti alikuwa amesimama kando ya mfuko wake, midomo ameibana, macho chini. Afisa akaita tena, akatutazama sisi walimu. Nilikuwa najua kila kitu siku hiyo. Salvatori alishaniambia. Lakini miaka yote ya daftari ilinitangulia mdomoni.

"Yupo," nikasema, na kidole nikakinyoosha. "Yule pale."

Goreti akaniangalia mara moja tu, akaokota mfuko wake, akapanda.