Watoto Kumi na Wanne wa Mama Agneta

Kwa miaka kumi na minane Phelista Nasimiyu alichapa barua za watu mjini Bungoma, kwenye kompyuta moja tu. Asubuhi moja ilikataa kuwaka. Fundi aliifungua, akaipuliza vumbi, akasema, "Mama, hii imeenda." Ndipo Phelista akahamia Kitale, kwa Kipkosgei, mtu wa Endebess aliyekuwa na duka la kuchapa na aliyetafuta mtu anayejua kuandika programu za mazishi, zile karatasi za ratiba na majina ya jamaa wa marehemu.

Kompyuta za Kipkosgei zilikuwa tatu, zote zikitumia Linux, mfumo usiolipiwa kama Windows, na programu za bure. Alizipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa gredi. "Hizi hazishiki virusi ovyo," alimwambia. "Na hakuna mtu anakuja kukudai leseni."

Phelista akaketi. Alama ya kuhifadhi haikuwa mahali pake. Fonti aliyoitumia miaka yote haikuwepo. Kulikuwa na nyingine iliyofanana nayo kama mtu na binamu yake. Bungoma aliingia mtandaoni kwa Chrome, hapa palikuwa na Firefox, na zile tovuti zote alizokuwa ameziwekea alama hazikuwepo. Kwa siku tatu alifungua kurasa na kuzifunga bila kujua amefunga nini.

"Kwani ulikuwa unapenda nini kwa ile ya zamani?" Kipkosgei alimuuliza, wala si kwa ubaya.

Phelista akazipitia sifa zake kichwani. Si mwendo, maana ile ilikuwa nzito. Ungechemsha chai kabla haijafunguka. Urembo pia haikuwa nao.

"Nilikuwa nimeizoea," akasema.

"Hiyo si sababu, mama."

Akaona labda ni kweli, na hilo likamsumbua kuliko habari ya fonti.

Wiki ya pili aliingia Sifuna, afisa wa kilimo, na karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono. Mama yake, Agneta, alikuwa amefariki, naye angezikwa kwao Matulo, upande wa Bungoma, siku ya Jumamosi. Baba yao alikuwa na wake wawili, na Sifuna alisisitiza jambo moja.

"Sisi watoto wanane wa Mama Agneta, tuweke upande huu. Watoto sita wa mama mdogo, Mama Phanice, weka upande ule. Yeye bado yuko hai, na atasoma. Asiachwe nje."

Phelista akatengeneza jedwali la safu mbili. Alilisoma, Sifuna naye akalisoma, akaridhika. Kisha Phelista akaituma faili kwa Walubengo, mpiga chapa wa Bungoma aliyefanya naye kazi miaka mingi, ili nakala zitoke karibu na Matulo.

Haikupita saa moja, simu ikalia.

"Phelista, huyu mama alizaa watoto kumi na wanne?" Walubengo aliuliza.

"Wanane."

"Hapa nahesabu kumi na wanne. Na mke mwenzake hana hata mmoja, jina lake limebaki peke yake huku chini."

Phelista akageukia skrini. Wanane kushoto, sita kulia. Akafunga faili, akaifungua tena. Vilevile. Akaomba picha ya kile Walubengo alichokiona, ikaja kwa WhatsApp: safu zilikuwa zimeshikana, watoto wote wamepangwa chini ya Agneta. Akatazama picha, akatazama skrini, akarudi kwenye picha. Faili ilikuwa moja, na aliiandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Sasa ya ukweli ni gani?"

"Ni faili moja," Kipkosgei akamjibu. "Programu yake inasoma jedwali kivyake, yetu inasoma kivyake."

"Mama wa watu hawezi kuwa na watoto wanane Kitale na kumi na wanne Bungoma!"

Kipkosgei alitaka kucheka, akaona uso wake, akaacha. Akamwonyesha jinsi ya kuigeuza faili iwe PDF, ikae kama picha, isomeke sawa popote. Phelista akaituma. Hata hivyo hakuamini. Alimpigia Walubengo ayataje majina moja moja, huku Sifuna, aliyekuwa amerudi kuchukua karatasi zake, akihesabu kwa vidole. Walipomaliza, Sifuna alijipangusa uso.

"Mama mdogo angesoma ile nyingine akiwa amekaa kwa hema," akasema polepole, "tungezika tukiwa tumekosana."

Mazishi yalipita salama. Mwezi uliofuata Phelista alimtembelea Walubengo, ambaye alimketisha mbele ya kompyuta yenye programu ileile ya zamani. Alifurahi kwa dakika mbili. Kisha mkono wake ukaenda pembeni kutafuta kitufe kilichoko Kitale tu.

"Kwani hii nayo wameibadilisha?"

"Hakuna kitu imebadilika," Walubengo alisema. "Wewe siku hizi unapenda gani, hii ama ya Kipkosgei?"

"Sijui, bana," Phelista akasema, na kweli hakujua.

Hadi leo anachapa Kitale. Mteja akimuuliza anunue kompyuta gani, Phelista husema yeye anajua tu aliyoizoea, kisha humwelekeza kwa Kipkosgei.